Rangi ya Mdomo Katika Gunia la Mahindi

Kama uliolewa Babati miaka ile ya foleni, ukaolewa kwa kanisa, kwa pete na vigelegele, usijifanye humjui Kandida, mke wa Herieli fundi baiskeli wa Maisaka. Mdomo wako ulipita mikononi mwake. Watu wazima walimwita Mama Alois, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wasichana waliochumbiwa walimwita Mama wa Rangi, na yeye akisikia alijifanya hakusikia, huku anacheka moyoni.

Alikuwa mkulima kama wenzake. Alikuwa na shamba la mahindi na maharage upande wa Bonga, kuku wanne watano, na jembe lililokwisha mpaka likawa dogo kama kijiko. Mikono yake ilikuwa miepesi kwa kusuka nywele. Lakini wasukaji walikuwa wengi. Kitu ambacho Kandida alikuwa nacho na wenzake hawakuwa nacho ni rangi ya mdomo. Ilikuwa nyekundu ya kuiva, ndani ya kichuma cha rangi ya dhahabu, na ukikizungusha chini yenyewe inachomoza juu taratibu kama inakuchungulia. Kaka yake Romanus, aliyekuwa utingo wa lori, ndiye aliyemletea kwa ajili ya harusi yake, akiwa ameivusha Namanga ndani ya soksi, wakati mpaka wa Kenya umefungwa.

Sasa mtu wa leo atauliza, rangi moja tu, mji mzima? Ndiyo, moja tu! Wewe unaingia dukani unachagua mpaka kichwa kinauma. Wenzako waliingia dukani wakakuta rafu tupu, kalenda ya mwaka juzi na muuza duka anasinzia. Sabuni ilipangiwa foleni tangu alfajiri, na ikiisha kabla hujafika, unarudi nyumbani kufua kwa majani ya mpapai. Sukari ilikuwa habari ya kusimuliana. Watu walikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na kushukuru. Katika hali hiyo, nani angekumbuka kuagiza rangi ya mdomo? Basi ya Kandida ikawa ya wote, naye hakuwa mchoyo. Alipaka bure, akishapewa sahani yake ya pilau na kiti cha mbele na akina mama.

Na aliitunza! Tusimnyime haki yake. Jua lilishamfundisha adabu mapema. Katika harusi moja ya mwanzo mwanzo, kwa ukoo ambao hatutautaja, waliiacha dirishani mchana kutwa, akaikuta imelala upande kama mshumaa uliochoka. Tangu siku hiyo rangi ilikaa ndani ya mkebe wa majani ya chai, na mkebe ukafukiwa kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji ya kunywa, pale penye baridi kuliko mahali pote ndani ya nyumba. Hapo mwanzo hakumgusisha mtu rangi yenyewe. Alikwangua kidogo kwa njiti ya kiberiti, akampaka bibi harusi kwa njiti hiyo, akaitupa.

Lakini shida haina adabu. Viberiti vikaadimika, njiti ikawa si kitu cha kutupwa, akaanza kutumia kidole. Kidole nacho akaona kinakula rangi. Mwisho akawa anapaka moja kwa moja, kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule, kutoka harusi hii kwenda harusi ile. Rangi ikapungua, ikabaki kisiki. Asubuhi nyingine alikuta imetoa vijitone kama mtu anayetoka jasho, akavifuta. Harufu yake, ambayo zamani ilikuwa kama ya maua na vanila, iliendelea kubadilika polepole. Kwa kuwa Kandida aliinusa mara kwa mara, pua yake ilibadilika pamoja nayo, akawa haoni tofauti. Na hivi nani angemwambia? Ni mama wa watu, anaamkiwa shikamoo, amekuja kukusaidia bure siku yako kubwa. Utamwambia nini?

Kulikuwa na jambo moja lililompa Kandida fahari kuliko yote. Maharusi wake wote, wakifika mlangoni pa kanisa, walitoa leso wakajifunika uso. Kila mmoja! Wanalia. Kandida alikuwa akimgusa kiwiko jirani yake, anamwambia, "Unaona? Wasichana wangu wana haya. Hawaachi nyumba ya mama yao kwa macho makavu."

Basi mwaka wa themanini na tatu, mwezi wa nne, ukaja msako wa wahujumu uchumi. Wewe kama hukuwepo, shukuru. Watu waliokuwa na haki waliogopa, na waliokuwa hawana haki waliogopa zaidi. Mwenye mche mmoja wa sabuni aliuona kama mzigo wa bangi. Ilisemekana mtu mmoja amemwaga sukari yake mtoni, mwingine amezika vitenge shambani, na siku ya pili mchwa wakavila. Kandida aliikumbuka rangi yake yenye maandishi ya ng'ambo ya mpaka. Mchanga wa mtungi ungekuwa wa kwanza kupekuliwa. Akaichomoa kwenye mkebe, kwa sababu mkebe ungelia ukichomwa fimbo, akaizamisha yenyewe ndani ya gunia la mahindi lililokuwa kona ya chumba cha ndani. Kifuniko chake kilikuwa kimepasuka siku nyingi, alikuwa amekifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Wapekuzi walipita, wakaangalia, wakanywa maji, wakaenda zao. Rangi ikabaki palepale. Baada ya mavuno gunia jipya likachukua nafasi ya lile la zamani, Kandida akaihamishia humo. Alishaona kuwa gunia ni mahali pazuri, pana giza na hapana joto, na mtoto hawezi kufika.

Harusi ya kwanza baada ya mavuno ilikuwa ya Antonia, binti mrefu mwenye mwanya, aliyeolewa na kijana wa Mutuka aitwaye Aniceti. Asubuhi ile Kandida alizamisha mkono katika gunia, akaitoa rangi, akaikuta ina unga mweupe. Akaona ni vumbi la mahindi. Akaifuta kwa upindo wa khanga, akaenda kumpaka Antonia, akamsawazisha kingo kwa kidole, na kile kilichobaki kwenye kidole akajipaka mwenyewe, kama kawaida yake, kwani na yeye ni binadamu.

Lakini mlangoni pa kanisa, Antonia alifika mdomo mtupu. Haukuwa na rangi hata kidogo. Ulikuwa unang'aa tu, kama mdomo wa mtu aliyetoka kula chapati. Wala leso hakutoa. Kandida alikasirika! Kazi yote ile, rangi yote ile isiyopatikana, halafu bibi harusi anaingia kanisani kama anaenda sokoni. Alikula pilau ya siku ile kwa hasira, akaondoka kabla ya keki. Juma lililofuata midomo yake ilimchonyota na kubabuka. Akalaumu upepo wa mlima Kwaraa, maana ulikuwa msimu wake.

Tufike sasa kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi alasiri. Jumamosi ilikuwa harusi ya Lukresia, mtoto wa jirani yake wa karibu kabisa, Mama Melkiadi, na Kandida alitaka kuhakikisha kama rangi itatosha. Akapiga magoti mbele ya gunia, akafungua kamba, akazamisha mkono mpaka kwenye kwapa. Herieli akaingia kutafuta pampu.

"Mama Alois! Toa mkono!"

Kandida aliuchomoa mkono kama ameumwa na nyoka. "Kuna nini?"

"Gunia hilo lina dawa! Si nilikuambia lisiguswe?"

"Dawa gani?"

"Dawa ya dumuzi, asitoboe mahindi. Ile ya unga. Niliitia baada tu ya kuvuna, siku ile ulipokwenda Bonga kwa mama yako. Nikakuambia jioni, 'Mama Alois, gunia la kona lisiguswe.' Ukaniitikia, 'Haya.'"

Ni kweli aliitikia haya. Ni mke gani asiyeitikia haya? Alidhani mume anaongelea akiba ya kula miezi ya njaa. Sasa alikuwa amepiga magoti pale, mkono mweupe mpaka juu ya kiwiko, na ndani ya kiganja chake kile kichuma cha dhahabu, kifuniko kimepasuka, unga umejaa kwenye ufa. Akakifungua. Kisiki cha rangi kilikuwa kimegandwa na unga kama andazi lililogaragazwa.

Herieli akaangalia rangi, akamwangalia mke wake. "Hiyo ilikuwa humo?"

"Tangu mavuno."

"Basi bahati hujampaka mtu."

 Kandida alikuwa anamwona Antonia, amekaa kwenye kigoda na mwanya wake, ametoa mdomo mbele kwa utii ili apakwe. Rangi ya mdomo hailali mdomoni, jamani. Mtu anaongea, anameza mate, anakunywa maji, anakula pilau, inaishia tumboni. Akakumbuka midomo yake mwenyewe ilivyobabuka, na yeye alijipaka mabaki ya kidole tu. Antonia alipakwa juu na chini, mara mbili, kwa sababu Kandida alitaka ionekane kutoka kiti cha nyuma.

"Baba Alois," alisema, "nimeua mtoto wa watu."

Tangu harusi ile hakuna aliyepata habari za Antonia. Herieli alijitahidi kumtuliza. Alisema angekuwa amekufa tungesikia, habari mbaya hailali njiani. Maneno hayo hayakusaidia chochote. Kandida aliosha mkono kwa majivu mpaka ngozi ikalalamika, akampelekea Mungu rozari nzima, na kabla jogoo wa pili hajamaliza alikuwa njiani kwenda Mutuka kwa miguu. Baiskeli ya fundi baiskeli, kama ujuavyo, haikuwa na tairi.

Njiani alikutana na Rosalia, mwanamke wa Mutuka, amebeba kuni. Wakasalimiana, na Kandida akajikaza akauliza kama vile hana haraka, "Na yule bibi harusi wa kwa Aniceti, hajambo?"

"Mh! Nani amemwona?" Rosalia alisema. "Tangu harusi hajatoka nje. Hata maji hachoti. Mama mkwe ndiye anayechota."

Sasa, Kandida alijua vizuri kwamba bibi harusi mpya hukaa ndani kwa muda, anatunzwa, hatumwi. Yeye mwenyewe alikaa. Angetulia kidogo angelikumbuka hilo. Lakini mwenye hofu hasikii desturi, anasikia msiba. Alishukuru kwa sauti isiyo yake, akaongeza mwendo, na alipohakikisha Rosalia hamwoni tena, akakimbia. Mama mzima, khanga imeshikwa kwa mkono mmoja, viatu kwenye mkono wa pili. Alikuwa anaongea na Mungu kwa sauti. "Nipe mimi. Baba, nipe mimi ugonjwa huo. Yule ni mtoto, ndiyo kwanza ameanza."

Alipofika kwa akina Aniceti uwanja ulikuwa umefagiwa, mlango umefungwa. Mama yake Aniceti, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, alikuwa anapepeta maharage.

"Karibu, Mama Alois! Karibu sana. Za huko?"

"Nzuri. Antonia…"

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, Antonia yu…"

"Na baba yao?"

"Hajambo."

"Na mama yako wa Bonga, yule mguu?"

Nani alitunga salamu zetu, na kwa nini hakufikiria mtu mwenye dharura? Kandida ilimbidi aeleze mguu wa mama yake, mvua, mavuno, ng'ombe aliyezaa, na huku macho yake yako kwenye mlango ule uliofungwa. Akaletewa kiti. Akaletewa uji. Akashika kikombe bila kukiangalia, uji ukamwagika kwenye khanga. Ndipo mama mkwe akamtazama vizuri, akaacha ungo.

"Mama Alois, kuna nini?"

"Nataka kumwona Antonia," Kandida alisema, na machozi yakaanza kumtoka kabla hajataka. "Kama yu hai, nataka kumwona."

"Kama yu hai? Mbona unanitisha! Antonia! Njoo huku mwanangu!"

Mlango ukafunguliwa, na aliyetoka hapo, ndugu zangu, hakuwa mgonjwa. Ilikuwa vigumu kuamini kuwa ni yule yule Antonia. Alikuwa amenawiri kwa maziwa na kulala, mashavu yamejaa, shingo imepata mikunjo. Mwanya ulikuwepo. Midomo ilikuwepo, yote miwili, laini, mizima.

"Shikamoo mama," alisema Antonia.

Kandida hakuitikia marahaba. Alimshika kidevu, akamgeuza huku, akamgeuza kule, akamfunua mdomo wa chini kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Halafu akaketi chini, kwenye vumbi, akalia kilio cha mtu aliyeshushiwa mzigo wa kuni uliomzidi. "Asante Mungu. Asante Mungu. Asante Mungu."

Walipomnywesha maji aliwaeleza yote, gunia, dawa, unga mweupe alioufuta kwa khanga. Hakuficha. Mama yake Aniceti alijishika kifua. Lakini Antonia akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu akashindwa kujizuia.

"Mama, ile rangi haikukaa hata dakika. Hukujua? Ulipoondoka tu kuelekea kanisani, bibi alinifuta."

"Bibi yupi?"

"Bibi Katarina. Alikuja na siagi yake."

Hapo lazima ujue kwamba kwa akina Antonia, msichana hatoki nyumbani kwao kwenda kuolewa kabla mkongwe wa ukoo hajampaka siagi ya ng'ombe, kwenye paji, mashavuni, kifuani, huku anambariki azae na mifugo izae. Ni baraka ya tangu zamani, na padri alishaizoea. Bibi Katarina alipofika na kibuyu chake na kumkuta mjukuu ana mdomo mwekundu, alisema hawezi kubariki mtu aliyetoka kunywa damu. Akachukua donge la siagi, akamsugua midomo, akaifuta kwa upindo wa nguo yake ya zamani, akasugua tena, akafuta tena, mpaka hakubaki hata chembe. Kisha akambariki.

Kandida alisikiliza mdomo wazi. Kumbe kile kilichomfanya ale pilau kwa hasira, na kuondoka kabla ya keki, na kumnenea mtoto wa watu vibaya sokoni, ndicho kilichomwokoa yeye na mtoto huyo. Alicheka na kulia pamoja. "Mungu ambariki yule mzee! Mungu amwongezee siku! Na mimi nilikuwa nikimwita mshamba na siagi yake!"

Walikunywa uji upya, safari hii kwa raha. Mama yake Aniceti alipokwenda kumtafutia mgeni mayai ya kubeba, Antonia akasogea karibu, akawa anachezea upindo wa khanga yake.

"Mama, nikikuambia neno utakasirika?"

"Leo? Leo hata ukinitukana nitakushukuru."

"Mimi ndiye niliyemwomba bibi anifute. Nilimwita pembeni."

"Kwa nini, mwanangu?"

Antonia akainamisha kichwa. "Ilikuwa inanuka."

"Dawa?"

"Hapana mama. Inanuka siku nyingi. Samli ya mwaka juzi. Dada yangu alipoolewa aliniambia, 'Ukipakwa, vuta pumzi kwa mdomo, na uwe na leso, ukifika mlangoni pa kanisa ujifute.' Wote wanajua. Kila anayeolewa anaambiwa achukue leso."

 Kandida aliwaona wote, mmoja baada ya mwingine, mlangoni pa kanisa, leso usoni, na yeye pembeni anamgusa jirani kiwiko. Wasichana wangu wana haya! Kumbe hakuna aliyekuwa analia. Walikuwa wanafuta mdomo.

"Mbona hamkuniambia?" aliuliza.

"Tungekuambiaje, mama? Ulikuwa unafurahi sana."

Hilo lilimchoma, tusidanganyane. Lilimchoma mpaka njia panda. Lakini alikuwa ametoka nyumbani akidhani amemzika mtu, na sasa amebeba mayai kwenye khanga, na yule mtu amemsindikiza hadi ukingo wa boma anacheka. Kero ya leso haikuweza kushindana na furaha hiyo. Kabla hajafika Maisaka alikuwa ameanza kucheka peke yake barabarani, na mtu mmoja mwenye punda akampisha njia.

Nyumbani aliichukua ile rangi kutoka pale Herieli alipoifungia kwenye kitambaa, akaenda nayo moja kwa moja chooni. Alisimama kidogo. Iliwahi kuwa nzuri, na alipoivaa yeye, siku yake mwenyewe, ilinukia maua kweli. Halafu akaiachia. Ikadumbukia huko chini, na yeye akavuta pumzi ndefu, ingawa pale si mahali pa kuvutia pumzi. Hakujua kuwa kitu kidogo vile kilikuwa kizito.

Kisha akaenda kwa Mama Melkiadi, mikono mitupu. Nyumba ilikuwa imejaa shangazi na majirani, wanachambua mchele, wanaimba. Lukresia amekaa katikati, nywele nusu zimesukwa, anasubiri kama mtu anayesubiri sindano. Mama Melkiadi aliinuka.

"Mama wa Rangi huyo! Tulishaanza kuogopa. Umekuja nayo?"

"Rangi imekufa," alisema Kandida. "Nimeizika chooni."

Nyimbo zikakatika. Mtu akaangusha sufuria. Na katikati ya kimya kile, ikasikika sauti ya Lukresia, kubwa kuliko alivyokusudia:

"Asante Yesu!"

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mama yake akamkazia macho ya kuua. Lakini Kandida ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na shangazi mmoja akacheka, na mwingine, na wale walioolewa miaka ile wakaangaliana, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake alikuwa na leso. Nyumba nzima ikacheka. Mama mmoja, mtu na watoto wake watatu, alikiri mbele ya wote kuwa siku ya harusi yake nusura amtapikie padri.

"Mngeniambia!" Kandida alilia, machozi ya kicheko yanamtoka. "Hivi samli ikichacha mnaila kwa sababu ya heshima? Si mnaimwaga? Na rangi ya mdomo ni hivyohivyo. Ikibadili harufu, ikitoka jasho, imwageni, hata kama ni ya mfalme. Na kila mtu awe na yake, asiye nayo akae na mdomo aliopewa na Mungu." Alisema na habari ya gunia pia, yote, ili mtu asije akaweka kitu cha mdomoni karibu na dawa ya wadudu. Hapo wengine wakajigusa midomo.

"Sasa mwanangu ataendaje?" aliuliza Mama Melkiadi.

"Atakwenda na siagi," alisema Kandida. "Kamleteni Bibi Katarina."

Jumamosi kulikuwa na jua zuri. Lukresia alifika kanisani amepakwa siagi na mkongwe yule, midomo yake inang'aa rangi yake mwenyewe. Kandida alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, karibu na mlango, bila kazi yoyote, mikono haijui ikae wapi. Bibi harusi akafika ngazini. Akasimama. Akaingiza mkono kwenye mkono wa gauni, akatoa leso.

Kandida akanyoosha shingo. Leso ya nini tena? Akamwangalia mdomo, mdomo hauna kitu. Lukresia akaipeleka leso machoni. Mabega yakamtikisika. Mama yake akamshika kiuno, naye akaanza kulia, na wote wawili wakasimama pale mlangoni hawawezi kuingia.

Kandida akamgusa kiwiko jirani yake.

"Unaona?" alisema. "Huyu analia kweli."